Msimu Niliposhika Ufagio

Machi 3, Jumatatu

Leo nimeosha vyombo. Nilitaka kuandika kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo, lakini Mama Watoto anasema hakuna mara ya mwisho kwa kuwa hakukuwahi kuwa na mara ya kwanza.

Ijumaa aliteleza kwenye mlango wa nyuma, kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari ameufunga mguu plasta hadi karibu na goti, akasema asikanyage nao kwa wiki nane. Basi mke wangu amekaa kwenye kiti mlangoni pa jikoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi, mkaguzi wa shule mstaafu, niliyekagua vyoo, madaftari na walimu wakuu kwa miaka thelathini na minne, nimekabidhiwa dodoki.

Mungu hakosei. Watu wote tunaosali nao wananijua kwa sala zangu ndefu, na sasa nimepewa nafasi ya kujifunza kwa mikono. Nimeamua kwamba msimu huu wa mvua kila kazi ya nyumbani itanipa funzo moja la kiroho. Nitaliandika hapa, kisha jioni nitamsomea mgonjwa.

Funzo la leo: Sahani ina mgongo. Mtu naye ana upande ambao haji nao mezani.

Nimemsomea. Akasema, "Amina. Na hiyo migongo yenyewe hujaiosha."

Machi 4, Jumanne

Nimeanika nguo. Mvua. Nimeanua. Jua. Nimeanika. Mvua. Funzo: subira. Nguo bado mbichi.

Machi 6, Alhamisi

Nimefagia uwanja wote wa nyuma, toka mlangoni hadi ukutani, kwa kasi na kwa jasho. Nilipogeuka kuangalia kazi yangu nikaona nyayo za viatu vyangu zimejaa kila mahali nilipopita.

"Unafagia ukirudi nyuma," Mama Watoto akaniambia toka kitini. "Kinyumenyume, Baba Watoto. Sasa wewe unafagia na kukanyaga papo hapo."

Nikaanza upya, kinyumenyume, hadi nikagonga pipa la maji kwa makalio. Alicheka kwa adabu. Lakini uwanja ulitoka umechorwa mistari ya ufagio tu, na majani yote nimeyafikisha pembeni. Niliingia ndani mbio kuandika kabla funzo halijanitoka. Aliongeza kitu kuhusu mfereji, sikukishika.

Funzo: Mtumishi mwema hurudi nyuma ili nyayo zake zisionekane juu ya kazi yake.

Hili ni zuri. Nitalitumia siku nikiombwa kusema neno mbele za watu.

Machi 10, Jumatatu

Simu ya binti yetu. Yeye ni muuguzi, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Aliongea na mama yake kwanza, robo saa nzima, mlango wa chumbani umerudishwa. Kisha nikapewa simu.

"Baba, mvua zikiisha nakuja kumchukua Mama."

"Unampeleka wapi?"

"Kwangu. Akae kwangu."

"Mpaka mguu upone?"

"Mguu utakuwa umeshapona, Baba. Akae tu."

Nilimwuliza kama anadhani nimeshindwa kumtunza mama yake. Akasema, "Baba, mimi sijasema hivyo," kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo kabisa.

Miaka arobaini na mmoja tumelala chumba kimoja, ukiondoa safari zangu za ukaguzi. Naogopa. Naliandika neno hili mara moja tu, silirudii.

Nilimwendea Mama Watoto. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto hawezi kutupangia maisha, nitamwonyesha kwamba nyumba hii imesimama imara. Aliacha kuchagua, akaniangalia, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa tayari natafuta rula ya kuchora ratiba.

Machi 12, Jumatano

Ratiba imebandikwa ukutani jikoni. Ina safu saba na rangi tatu. Binti yangu akija kukagua, atamkuta mkaguzi.

Machi 15, Jumamosi

Siku ya aibu. Nitaieleza yote, maana shajara isiyoandika aibu ni tangazo.

Ratiba inasema Jumamosi ni vyombo vikubwa. Nikaanza na mtungi wetu wa udongo, ule wa maji ya kunywa, ambao Mama Watoto alikuja nao siku ya ndoa toka kwa mama yake. Nikaingiza mkono ndani nikahisi utelezi. Utelezi! Katika nyumba yangu! Nikamwaga sabuni ya unga, vijiko sita au saba, nikasugua kwa dodoki hadi povu likanifika kwapani. Nikasuuza mara tatu. Nikaujaza maji. Mtungi ulinukia kama chumba cha hoteli.

Alasiri jirani yetu, mama fundi cherehani, akaja kumjulia hali mgonjwa. Nikamletea maji kwenye trei, kwenye bilauri, na kitambaa chini yake. Akanywa nusu. Akasimama. Akaitazama bilauri kwenye mwanga.

"Shemeji Mkaguzi," akasema, "haya maji yametiwa manukato?"

Mama Watoto alinyoosha mkono akaichukua bilauri, akanusa, akafumba macho.

"Umeuosha mtungi kwa sabuni."

"Kwa sabuni nyingi," nikasema kwa fahari.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtungi hauoshwi kwa sabuni. Udongo unakunywa. Maji yanapenya polepole hadi nje, na ndiyo maana yanakuwa baridi. Ukiupa sabuni, unainywa, kisha unakurudishia kidogokidogo, siku baada ya siku. Kumbe unasuguliwa kwa maji matupu na mchanga laini, basi. Mama fundi alicheka hadi akashika mlango asianguke. "Leo nimefuliwa utumbo!" akasema. "Nikienda nyumbani nijianike tu!"

Nilimtazama mke wangu nikijua nitakiona cha moto. Mtungi wa mama yake! Naye alikuwa anatikisika mabega. Alicheka hadi machozi, hadi ule mguu wa plasta ukaanguka toka kwenye ndoo, na hata hapo hakuacha kucheka. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nikijisemea kweli, tangu zamani zaidi ya hapo.

Jioni niliandika funzo la kurasa mbili, kwamba si kila usafi unatokana na sabuni, na kwamba zipo nafsi ambazo tumezisugua kwa maneno makali hadi zikaingiwa ladha yetu. Nilipofika ukurasa wa pili alikuwa amesinzia.

Machi 17, Jumatatu

Dawa ya mtungi: unaujaza maji ya moto, unayaacha yapoe, unayamwaga, unauanika juani, unaonja. Jua hakuna. Nimeonja. Sabuni.

Machi 18, Jumanne

Sabuni.

Machi 21, Ijumaa

Sabuni, ila kwa mbali.

Machi 24, Jumatatu

Jana niliunguza maharage. Nilikuwa naandika.

Nilianza kukwangua sufuria kwa kisu, kwa hasira, na kelele ile ikamleta Mama Watoto kwa magongo yake mawili hadi mlangoni.

"Unaichokoza tu," akasema. "Tia maji, tia chumvi kidogo, iache. Nenda kafanye kazi nyingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iachie yenyewe."

Asubuhi hii nimeinamisha sufuria, na ule ukoko mweusi umetoka wote kama sahani moja. Nilisimama nao mkononi nikifikiri juu ya kaka yangu, ambaye hatujasemezana miaka sita kwa ajili ya maneno ya siku moja, na jinsi nilivyokuwa nikimkwangua kila mwaka kwa barua ndefu za kumweleza makosa yake. Nimempigia simu. Nimemwuliza habari za magoti yake. Tumeongea magoti tu, nusu saa, na tulipoagana sauti yake ilikuwa laini.

Sikuandika funzo. Nilimweleza tu Mama Watoto tukiwa tunakunywa chai. Akasema, "Umefanya vizuri." Akanisogezea kikombe chake nimwongezee.

Machi 27, Alhamisi

Maji ya mtungi ni maji! Nimempelekea mama fundi bilauri hadi kwake. Amenusa kwanza.

Aprili 2, Jumatano

Mvua siku nne mfululizo. Nguo zimetanda sebuleni kote, tunapita tukiinama chini ya mashuka. Nimeacha kuifuata ratiba. Mvua haikupewa nakala.

Aprili 5, Jumamosi

Tumefua pamoja, yeye akiwa kitini na beseni dogo, mimi na beseni kubwa. Nikamwona midomo inacheza.

"Unaimba?"

"Nasali."

"Saa hizi?"

"Mimi nasali nikifua," akasema, kama mtu anayeeleza sukari inakaa kopo gani. "Shuka moja, mtoto mmoja. Hili la binti. Lile la kaka yake. Taulo ni za wazazi wetu."

Miaka arobaini na mmoja nimeongoza sala nyumba hii, nikisimama, yeye akiitikia amina. Niliamini kwamba mimi ndiye ninayesali hapa.

Nikamwuliza mimi naombewa kwenye nguo ipi.

"Wewe soksi."

"Soksi tu?"

"Soksi zako zinachukua muda mrefu, Baba Watoto."

Nimecheka, lakini neno hilo limenikaa mwili mzima. Nilipomaliza kukamua shuka la mwisho nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimelitaja jina la binti yangu kimoyomoyo, bila maneno mengine yoyote. Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na ndiyo pekee niliyoikumbuka hadi usiku.

Aprili 12, Jumamosi

Nimedeki. Sikumbuki kama niliwaza kitu.

Aprili 16, Jumatano

Mama Watoto ameniuliza, "Siku hizi ufagio haukufundishi?" Nikamwambia unafagia tu. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Nimegundua vitu. Kwamba asubuhi anakunywa chai ya kwanza kimya, na ukimsemesha kabla kikombe hakijafika nusu, anajibu kwa heshima tu. Kwamba hapendi dirisha la jikoni lifungwe. Kwamba anaposema "haya" kwa sauti ya chini hajakubali. Hili la mwisho limenitia baridi, maana nimesikia "haya" nyingi sana maishani mwangu.

Aprili 25, Ijumaa

Plasta imetolewa. Mguu umekonda kama wa ndege, naye anauangalia kama kitu alichoazimwa. Anatembea kwa fimbo. Alitoka hadi uwanjani, akaangalia nilivyofagia, akaenda hadi pembeni kwenye mfereji, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshikwa na simu ya binti. Anakuja Mei 10.

Mei 4, Jumapili

Mvua zinapungua. Wengine wote wanafurahi. Mimi kila kukicha naangalia mawingu nikiyaomba yakae kidogo.

Mei 8, Alhamisi

Nimepaka chokaa ukuta wa nyuma. Nimefua mapazia. Nimepanga vikombe, mikono yote ikiangalia upande mmoja. Mama Watoto ananitazama tu, fimbo mapajani. "Pumzika," amesema. Nitapumzika Jumapili, binti akishaondoka peke yake.

Mei 10, Jumamosi

Natakiwa kuandika kwa utaratibu, na utaratibu sina.

Saa tatu asubuhi ilikuja mvua ya mwisho, na ikaja na hesabu zote. Nusu saa tu. Nilikuwa sebuleni nanyoosha kitambaa cha meza nikasikia Mama Watoto ananiita toka jikoni, kwa sauti ambayo si yake. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wa nyuma. Uwanja mzima ulikuwa bwawa, na bwawa lilikuwa limeamua kuhamia ndani.

Nilitoka na viatu vyangu vizuri. Mfereji ulikuwa umeziba. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaingiza mkono hadi begani, na kilichotoka ni majani. Majani yaliyooza, mafungu kwa mafungu. Majani yangu. Wiki tisa nilikuwa nafagia uwanja ule kwa ustadi, kinyumenyume, mistari imenyooka, na kila siku nilikuwa nayasukumia mferejini.

"Nilikwambia!" Mama Watoto alipaza sauti toka mlangoni, maji yamemfika kwenye vifundo.

"Lini?"

"Machi! Na Aprili! Ulikuwa unaandika!"

Ndipo binti yetu akatokea pembeni mwa nyumba, mwavuli mkononi, begi begani. Alimkuta mama yake amesimama majini na fimbo, na baba yake amelala kifudifudi kwenye tope, mkono mmoja umepotelea ardhini.

Binti alivua viatu, akapiga magoti kando yangu, tukachota pamoja hadi mfereji ulipokohoa na maji yakaanza kuzunguka na kushuka. Kisha tukaingia ndani, tukadeki wawili. Mama Watoto alichemsha chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasha jiko tangu Februari.

Tulipokaa, nilitaka kusema nilichokuwa nimejiandaa kusema wiki tisa, ila kilitoka kingine. Nilimwambia binti, "Umeona mwenyewe. Una haki ya kumchukua. Ulisema, na ulikuwa sahihi."

Binti aliweka kikombe chini. Akamtazama mama yake.

"Mama, hujamwambia?"

"Kuniambia nini?"

Mama Watoto alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa kavu. "Si yeye aliyetaka," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwomba aje anichukue."

Nadhani niliuliza kwa nini. Labda nilifikiri tu.

"Nimechoka, Baba Watoto. Si kazi. Kazi naiweza. Nimechoka kuongea na mtu ambaye hayupo. Miaka ile ulikuwa safarini nilisema, atastaafu. Ukastaafu. Ukawa sebuleni, na bado hukuwapo. Nilipovunjika nikasema, basi, Mungu amenipa ruhusa. Siku ile nilipokuwa nachagua maharage nilitaka kukwambia. Ukaenda kutafuta rula."

Binti alikuwa anaangalia vidole vyake. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha meza, kile nilichokuwa nimekinyoosha kwa ajili ya ukaguzi, na kumbe mkaguzi alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni muda wote, mguu juu ya ndoo.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilipoweza kusema, nilimwuliza swali ambalo sijui kama nimewahi kumwuliza katika maisha yetu. "Wewe unataka nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Niliacha afikiri.

"Machi nilikuwa najua," akasema. "Sasa hivi sijui. Nitakwenda naye nikapumzike. Nikijua, nitakwambia."

Nikasema, "Sawa." Nilitaka kusema mengi mengine. Nikajizuia.

Mei 11, Jumapili

Nimebeba begi lake hadi kituo cha basi. Alipanda kwa fimbo, binti nyuma yake. Dirishani aliniambia pilipili zimwagiliwe kila siku mbili, si kila siku. Nikarudia: kila siku mbili. Akaitikia kwa kichwa.

Mei 13, Jumanne

Nimefagia. Majani nimeyatia kwenye shimo la mbolea.

Mei 14, Jumatano

Nimefua shuka letu. Mungu anajua nilivyosali.

Mei 17, Jumamosi

Mama fundi amekuja kuuliza kama nakula. Nimempa wali. Amenusa, kisha amekula wote. Amesema nyumba imetulia. Ni kweli, imetulia, na najionea ajabu kwamba sina huzuni kama nilivyotarajia. Kila ninachokishika najua yeye anakishikaje, mpini wa sufuria, fundo la kamba ya nguo. Kama hatarudi nitakuwa nimejifunza kumjua akiwa ameondoka, na hilo nitalibeba. Sitaki kuwa nimechelewa, lakini hata nikiwa nimechelewa, ni kweli.

Mei 22, Alhamisi

Simu. Yake, si ya binti. "Kesho basi la saa nane." Akakata kabla sijauliza lolote. Nimeifungua simu mara tatu kuhakikisha kwamba ni namba yake.

Mei 23, Ijumaa

Nilifika kituoni saa sita na nusu. Basi lilifika saa tisa kasoro. Alishuka mwenyewe, taratibu, bila fimbo.

Nilikuwa na ripoti kamili kichwani: pilipili zimechanua, mfereji unapitisha maji, mtungi ni mzima. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikachukua begi.

"Ulikuwaje huko?" nikamwuliza.

Alinitazama kuona kama nauliza kweli. Kisha akaanza. Alinieleza kuhusu kitanda cha wageni ambacho kinalia, kuhusu wajukuu wanaobishana tangu alfajiri, kuhusu siku ya tatu alipoamka akatamani kuchekeshwa na mtu anayeosha vyombo upande mmoja. Alinieleza mambo ambayo hayakuwa na uhusiano na mimi hata kidogo, kuhusu mwanamke aliyekaa naye kwenye basi, kuhusu ndoto aliyokuwa nayo akiwa msichana ya kujifunza kuendesha pikipiki. Pikipiki! Sikuwahi kujua. Mguu wake unamchelewesha, kwa hiyo tulitembea polepole, na mimi nilijitahidi kutotangulia.

Tulifika mlangoni kabla hajamaliza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilisimama nje na begi lake mkononi mpaka akamaliza.